Gasketi ya Kukatwa kwa Mkono: Kipimo, Mipaka na Hatari Iliyofichika katika Karakana Ndogo za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mafundi wa injini ndogo na magari katika karakana za Uganda, Rwanda na maeneo jirani wanavyotengeneza gasketi mbadala kwa mikono, na yanachunguza mahali ambapo kazi hiyo ni salama na mahali ambapo si salama. Inajengwa hoja kwamba gasketi ya kukatwa kwa mkono ni maarifa ya kiufundi yenye mipaka inayopimika kwa joto, shinikizo, unene na aina ya kimiminika. Inajengwa hoja pia kwamba hatari yake kubwa haitokani na kuvuja. Inatokana na malighafi, hasa karatasi za gasketi zenye nyuzi za asbesto, ambazo sera za ukanda huu zimezipa nafasi ndogo kuliko zilivyoyapa mapaa.

Utangulizi

Mashine ya kusaga nafaka haihitaji kuvunjika kitu kikubwa ili isimame. Karatasi ngumu yenye unene wa nusu milimita, iliyobanwa kati ya kifuniko cha ubavuni na kasha la kranki, ikichanika, oili huanza kuvuja. Oili ikipungua, beringi hukauka. Na beringi zikikauka, injini nzima imo hatarini. Karatasi hiyo ndiyo gasketi. Katika mji wenye duka la vipuri vya aina hiyo ya injini, kuibadili ni kazi ya muda mfupi. Mahali ambapo duka la karibu liko mwendo wa siku nzima, au ambapo kiwanda hakiuzi tena kipuri hicho, fundi huikata mwenyewe.

Kazi hii hufanyika Katwe na Ndeeba jijini Kampala, Gatsata jijini Kigali, na katika gereji za kando ya barabara kuanzia Goma hadi Bujumbura. Inahusu pikipiki za bodaboda, pampu za umwagiliaji, jenereta, mashine za kusaga na magari yaliyokwisha kutumika ambayo huingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kikomo cha umri wa magari yanayoingizwa hutofautiana: Kenya huruhusu miaka 8, Uganda miaka 15 tangu gari kuundwa. Popote kikomo kilipo, gari huendelea kuzeeka likiwa barabarani, na hufika siku ambapo gasketi ya kiwandani haipatikani.

Uandishi wa kitaalamu kuhusu karakana za namna hii si mgeni. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ilieneza dhana ya sekta isiyo rasmi, na kitabu cha Kenneth King cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika kiliwapa wasomi sababu ya kutazama namna ujuzi unavyopita kutoka kwa fundi mkuu kwenda kwa mwanagenzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala uliofuata ilihusu ajira na kipato. Kile ambacho fundi hukiamua pale anaposhika karatasi, nyundo na wembe kimebaki nje ya mjadala. Matokeo yake ni kwamba washauri wa sera huiweka gasketi ya kukatwa kwa mkono ama katika fungu la ubunifu wa kusifiwa ama katika fungu la vipuri bandia. Hakuna fungu kati ya hayo linalomsaidia mtu kujua ni gasketi ipi iruhusiwe na ipi izuiwe.

Kazi ya gasketi

Nyuso mbili za chuma zilizochongwa kiwandani huonekana bapa kwa macho, lakini zina vilima na mabonde madogo. Zikibanwa pamoja bila kitu katikati, oili, maji au gesi hupenya katika mabonde hayo. Gasketi ni kitu laini kuliko chuma. Boliti zikikazwa, hubonyea na kujaza mabonde. Nguvu ya boliti ndiyo inayoziba. Gasketi huisambaza tu nguvu hiyo mahali pote.

Kutokana na jambo hilo hupatikana kanuni ambayo wanagenzi wengi huichukulia kinyume. Mtu asiye mzoefu hudhani kwamba gasketi nene ni imara zaidi. Ukweli ni kwamba gasketi inapaswa kuwa nyembamba kadiri nyuso zinavyoruhusu. Kitu laini kilichobanwa huendelea kulegea kidogo kidogo baada ya boliti kukazwa, na kikiwa kinene hulegea zaidi. Boliti hupoteza mkazo wake, na uvujaji huanza wiki kadhaa baada ya mteja kuondoka. Isitoshe, ukingo wa gasketi nene huonyesha eneo kubwa zaidi kwa shinikizo la ndani, ambalo huusukuma nje. Unene unahitajika pale tu ambapo nyuso zimepinda au zimeliwa na kutu, na hata hapo dawa iliyo bora ni kuusawazisha uso wenyewe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo.

Namna inavyokatwa

Zipo njia mbili kuu, na kuchagua kati yake si suala la mazoea. Njia ya kwanza ni ya nyundo. Karatasi hulazwa juu ya uso wa chuma na fundi huigonga taratibu kufuata ukingo, kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo. Ukingo wa chuma hufanya kazi ya mkasi, na karatasi hukatika kwa umbo lile lile la kifaa. Njia hii ni ya haraka na ina usahihi mkubwa, lakini inafaa kwa chuma cha kusubu. Ikitumika juu ya alumini, ambayo ndiyo iliyoundiwa makasha mengi ya pikipiki na pampu ndogo, kila pigo huuviringisha ukingo kidogo. Baada ya gasketi tatu au nne za namna hiyo, kifuniko hakina tena ukingo wa kuziba, na fundi anayefuata hulaumu karatasi.

Njia ya pili ni ya alama. Uso wa chuma hupakwa oili chafu, grisi au masizi, kisha hukandamizwa juu ya karatasi safi. Umbo lote hubaki limechorwa, pamoja na matundu yake, na fundi hulikata kwa wembe au mkasi. Ni njia ya polepole zaidi, lakini haiudhuru uso. Fundi mzoefu hutumia ya kwanza kwa bloku ya dizeli ya kusagia na ya pili kwa kifuniko cha klachi cha pikipiki, na akiulizwa sababu huweza kuieleza.

Katika njia zote mbili, matundu ya boliti hutangulia. Kifaa kinachopendwa kwa kazi hiyo ni goroli iliyotolewa katika beringi kuukuu. Goroli kubwa kuliko tundu huwekwa juu ya karatasi, mahali tundu lilipo, na kugongwa mara moja. Tundu hutoka safi, la duara kamili, bila nyuzi zilizochanika. Tundu la kwanza likishatoka, boliti hupitishwa ili karatasi isisogee, kisha hufuata tundu la upande wa pili. Anayeanza na ukingo wa nje badala ya matundu hugundua mwishoni kwamba karatasi ilihama milimita mbili.

Kuna tundu ambalo halina boliti, na ndilo lenye gharama kubwa. Katika injini nyingi, oili hupanda kutoka chini kwenda juu kupitia kijia chembamba kinachokatiza gasketi. Mwanagenzi anayefuata matundu ya boliti pekee hulisahau. Injini hufungwa, huwashwa, na haivuji hata tone, kwa hiyo kazi huonekana njema. Lakini sehemu za juu haziletewi oili, na kwa muda mfupi huungua. Gasketi isiyovuja inaweza kuua injini kuliko inayovuja, kwa maana uvujaji huonekana. Ndiyo sababu gasketi mpya hulazwa kwanza juu ya nyuso zote mbili, moja baada ya nyingine, na kuangaliwa tundu kwa tundu kabla ya kufungwa.

Baadhi ya mafundi huchora gasketi mpya kwa kufuata ile ya zamani. Umbo linaweza kupatikana hivyo, lakini unene hauwezi, kwa kuwa gasketi kuukuu imekwisha kubanwa kwa miaka. Unene wa asili hupimwa kwenye pembe au sikio lililojitokeza nje ya chuma, ambalo halikubanwa.

Ukazaji wa boliti una kanuni zake: kuanzia katikati kwenda nje, kwa mikato ya mshazari, kwa awamu mbili au tatu, na kurudia baada ya injini kupata moto na kupoa. Spana yenye kipimo cha mkazo ni adimu katika karakana ndogo. Mkono wa fundi hushika nafasi yake, na kwa vifuniko vya kawaida mkono huo hutosha.

Malighafi na kimiminika

Karatasi inayokatwa hutoka kila mahali: boksi la dawa, manila, kalenda ya mwaka uliopita, mfuko wa saruji. Mfuko wa saruji unastahili kutajwa kwa heshima, maana karatasi yake ina nyuzi ndefu, ni nyembamba na haichaniki upesi. Karatasi ya namna hiyo, ikipakwa grisi upande mmoja, huziba oili isiyo na shinikizo kubwa kwa muda mrefu. Grisi ya upande mmoja ina faida nyingine: siku ya kufungua, gasketi hubaki upande ulio kavu na upande wa pili huachia bila kuchanika.

Makosa mengi katika malighafi hutokana na kutozingatia kimiminika. Mpira wa tyubu ya tairi huziba maji vizuri, na kwa pampu ya umwagiliaji unaweza kufanya kazi misimu mingi. Mpira huohuo ukiwekwa kwenye kabureta au kwenye koki ya tangi, petroli huuvimbisha na kuulainisha, na vipande vyake huziba njia ya mafuta. Soli ya kandambili, ambayo hupendwa kwa ulaini wake, hupatwa na jambo lilo hilo. Silikoni ya tyubu inayouzwa katika kila duka la vipuri ni nzuri kwa oili na maji, lakini haistahimili petroli. Kasoro yake ya pili ni ya kibinadamu: huwekwa nyingi mno. Inayobanwa nje huonekana na kufutwa; inayobanwa ndani hukauka, hukatika, na kusafiri na oili hadi kwenye chujio la pampu.

Joto nalo lina mpaka wake. Karatasi huanza kuharibika inapokaribia nyuzi joto 200 za Selsiasi na kuendelea, hivyo haina nafasi kwenye bomba la moshi, ambako gesi hupita ikiwa na joto la nyuzi 500 au zaidi. Huko hutumika shaba nyekundu au bati la alumini. Shaba ina sifa ambayo mafundi waliijua kwa mikono kabla ya kuisoma popote: ikibanwa na kugongwa hukakamaa, na ikipashwa moto hadi iwe nyekundu iliyofifia hurudi kuwa laini. Tofauti na chuma cha pua cha visu, haikakamai inapotumbukizwa majini ikiwa ya moto. Kwa hiyo pete moja ya shaba huweza kutumika tena na tena, mradi ipashwe moto kabla ya kila matumizi.

Gasketi kama kipimo

Mpaka sasa gasketi imezungumziwa kama kizibo. Katika injini kadhaa ni kipimo pia, na hapa ndipo ukataji wa mkono huhitaji kalipa badala ya jicho. Dizeli za silinda moja za Kichina, kama ile iitwayo S195, ambazo huendesha mashine nyingi za kusaga na matrekta ya mkono, zina pampu ya dizeli iliyofungwa kwenye bloku kwa boliti na vijikaratasi vyembamba vya chuma au karatasi ngumu katikati. Unene wa vijikaratasi hivyo huamua pampu iko umbali gani kutoka kwa kemu inayoisukuma. Ukiongezwa, kemu huchelewa kuifikia pampu na dizeli huchelewa kuingia katika silinda. Injini hutoa moshi na kukosa nguvu. Ukipunguzwa, dizeli huwahi, na injini hugonga kama nyundo. Fundi aliyebadili kijikaratasi hiki kwa kipande cha boksi bila kupima hajaziba kitu. Amebadili wakati wa mwako.

Mwenye mashine ataona tu kwamba inakula mafuta mengi kuliko zamani.

Mpaka wa kichwa cha silinda

Swali ambalo watunga sera huliuliza mara kwa mara ni kama gasketi ya kichwa cha silinda, ambayo mafundi huiita ya silinda hedi, inaweza kukatwa karakanani. Hesabu ndogo hutoa jibu bora kuliko maoni.

Chukua S195, yenye silinda ya kipenyo cha milimita 95. Eneo lake ni karibu sentimita za mraba 71. Shinikizo la juu la mwako katika dizeli likifika kilo 70 kwa kila sentimita ya mraba, kichwa cha silinda husukumwa kwa nguvu ya takribani tani 5. Katika mizunguko 2,000 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi yake ya kazi, msukumo huo hutokea mara 1,000 kila dakika. Karatasi haiwezi, wala boksi haliwezi, hata likipakwa silikoni ya aina gani.

Katika pikipiki nguvu ni ndogo, lakini unene una madhara ya namna nyingine. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 53 na mwendo wa pistoni wa milimita 45, yaani ujazo wa karibu sentimita za ujazo 99, kipimo cha kawaida kwa bodaboda. Ikiwa uwiano wa mgandamizo ni 9.5 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni takribani sentimita za ujazo 11.7. Gasketi inayozidi ile ya asili kwa nusu milimita huongeza nafasi hiyo kwa 1.1, na uwiano hushuka hadi karibu 8.8. Pikipiki huwaka na hutembea, lakini hupanda mlima kwa shida na kunywa petroli zaidi. Ikiwa kemu iko juu na huendeshwa kwa mnyororo, kuinuka kwa kichwa huchelewesha pia kufunguka kwa vali. Kwa upande mwingine, gasketi nyembamba kupita kiasi katika dizeli huweza kuifanya pistoni iguse kichwa. Mafundi wa injini za zamani za aina ya Lister huweka waya laini wa risasi juu ya pistoni, huzungusha injini kwa mkono, kisha hupima unene wa waya uliobanwa. Hiyo ni njia ya kipimo isiyo na aibu mbele ya maabara yoyote.

Kwa hiyo jibu si ndiyo wala hapana. Pete ya shaba au bati la alumini, lenye unene uliopimwa na kupashwa moto inavyotakiwa, linaweza kutumika kwenye kichwa cha injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa. Kichwa cha gari la silinda nne, ambapo gesi, maji na oili hupita katika gasketi moja yenye tabaka za chuma na pete za kuzuia moto, ni kazi ya kiwanda. Karakana inayodai kuikata humdanganya mteja. Kuhusu breki, hakuna mjadala: kizibo chochote katika mfumo wa breki kisitengenezwe kwa mkono.

Vumbi la gasketi kuukuu

Kabla ya gasketi mpya kuwekwa, ya zamani huondolewa, na sehemu hii ya kazi hupewa mwanagenzi mdogo kuliko wote. Hukwangua kwa wembe au tindo, husugua kwa brashi ya waya, na kama karakana ina kompresa, hupuliza mabaki kwa hewa. Uso wa chuma hubaki ukimeremeta. Vumbi hubaki hewani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, karatasi ya viwandani ya kukatia gasketi za joto na mvuke ilitengenezwa kwa nyuzi za asbesto zilizobanwa pamoja na mpira. Sababu yake ilikuwa ya kiufundi kabisa: asbesto haiungui, ina nguvu, na hujipinda bila kukatika. Nyuzi hizo zikiwa zimeshikwa na mpira ulio hai, hazitoki kwa wingi. Baada ya miaka ya joto, mpira huo hukauka na kusagika, na gasketi iliyoungua hupasuka inapokwanguliwa. Hapo nyuzi huwa huru. Shirika la Afya Duniani huhesabu aina zote za asbesto kuwa visababishi vya saratani, ikiwemo saratani ya mapafu na ya utando unaoyafunika. Ugonjwa huo wa utando hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, na kwa sababu hiyo hauhusishwi na karakana. Kijana aliyekwangua gasketi akiwa na umri wa miaka 16 huugua akiwa mzee, pengine baada ya kuiacha kazi hiyo zamani.

Karatasi mbadala zisizo na asbesto zipo, zikiwa na nyuzi za aramidi, za kioo au za mimea, au grafiti. Tatizo ni kwamba katika duka hazitofautiki. Rangi ya kijivu, kijani, buluu au nyeusi huchaguliwa na mtengenezaji na haielezi kilichomo. Karatasi ikiuzwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka katika bunda kubwa, maandishi yaliyokuwa juu ya bunda hubaki kwa muuzaji, kama yalikuwepo. Uthibitisho hupatikana kwa hadubini maalumu ya maabara, na hakuna fundi mwenye nayo.

Nchi nyingi zimekwisha kuchukua hatua. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya asbesto kufikia mwaka 2005, na Afrika Kusini, iliyokuwa mzalishaji mkubwa, mwaka 2008. Marekani ilitoa kanuni mwezi Machi 2024 dhidi ya krisotili, yaani asbesto nyeupe, na kanuni hiyo ilizitaja karatasi za gasketi waziwazi. Hata hivyo, krisotili bado huchimbwa, hasa Urusi na Kazakhstan. Mkataba wa Rotterdam, unaodai nchi inayoagiza iarifiwe na kukubali kabla ya kupokea kemikali hatari, umeorodhesha aina nyingine tano za asbesto. Pendekezo la kuiongeza krisotili limekwama mara kadhaa kwa kukosa muafaka wa nchi wanachama. Na krisotili ndiyo iliyotumika zaidi katika karatasi za gasketi.

Katika ukanda huu, asbesto hutajwa hasa pamoja na paa. Rwanda imekuwa na mpango wa kitaifa wa kuyaondoa mapaa ya asbesto, na wafanyakazi wake huvaa mavazi ya kinga na kulowesha mabati hayo kabla ya kuyagusa. Ni kazi inayostahili sifa. Lakini kilomita chache kutoka kwenye paa linaloondolewa kwa uangalifu huo, kitu kinachoweza kuwa na nyuzi zilezile husuguliwa kwa brashi ya waya katika chumba kisicho na dirisha, na kijana asiye na hata kitambaa puani.

Mahali sera inapoweza kugusa

Kuipiga marufuku gasketi ya kukatwa kwa mkono kungekuwa kosa, kwa kuwa kungezisimamisha pampu na mashine ambazo gasketi hiyo huzihudumia vyema, bila kuondoa karatasi yenye asbesto sokoni. Karatasi ya boksi na mfuko wa saruji hazina hatia. Kinachopaswa kudhibitiwa ni bunda linaloingia mpakani.

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hufuata mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Katika mfumo huo, bidhaa za asbesto, ikiwemo karatasi ya kukatia gasketi, zina kichwa chake, nambari 68.12. Gasketi zilizotengenezwa kwa bati la chuma lililounganishwa na kitu kingine, pamoja na seti za gasketi za aina mbalimbali, huwekwa chini ya nambari 84.84. Nambari hii ya pili haiulizi nyuzi zilizomo ni za nini. Muagizaji wa seti hana wajibu wa kueleza, na ofisa wa forodha hana mahali pa kuandika. Marufuku inayotaja 68.12 pekee itaikamata karatasi iliyotangazwa kwa uaminifu na kuiacha ile iliyomo ndani ya boksi la seti. Tamko la malighafi linafaa lidaiwe kwa nambari zote mbili, na sampuli zipelekwe kwenye maabara za mashirika ya viwango.

Suala la lugha linaingia hapa pia. Maelezo yaliyomo katika pakiti za gasketi huandikwa kwa Kichina, Kijapani au Kiingereza. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya namna hiyo mwaka 2022. Karakana ni miongoni mwa mahali ambapo uamuzi huo unaweza kuwa na kazi ya kila siku: maneno machache, yaliyochapwa kwa kurudiwarudiwa upande wa nyuma wa karatasi nzima ili yabaki hata inapokatwa vipande, yakieleza malighafi, joto la juu linaloruhusiwa na vimiminika visivyofaa. Gharama ya kuchapa ni ndogo kwa kuwa karatasi hizo huchapwa jina la mtengenezaji kwa namna hiyohiyo.

Kwa gasketi ambazo tayari zimo ndani ya injini, hakuna mpaka wa nchi unaosaidia. Kinachosaidia ni namna ya kuziondoa: kuilowesha gasketi kuukuu kwa maji au oili kabla ya kukwangua, kutumia kikwanguo badala ya brashi ya waya, kutopuliza kwa hewa, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu na kukifunga katika mfuko. Hatua hizi hazihitaji kifaa chochote ambacho karakana haina. Zinahitaji mahali pa kufundishiwa, na mahali hapo pameanza kuwepo. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ya Uganda ilikuwa ikipima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini, na VETA nchini Tanzania hufanya utambuzi wa namna hiyo. Katika jaribio la aina hii, mtahini anaweza kuikagua gasketi mpya kwa unene, matundu na uvujaji. Alama nyingine zinaweza kutolewa mapema zaidi, wakati mtahiniwa anapokifungua kifuniko na kuinyoosha mkono kuchukua ama brashi ya waya ama kopo la maji.